Mtoto wa Mstari wa Kijivu

Mwezi uliopita nilipanda daladala mjini Mwanza, tukapita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, nikashuka Mkolani kumwona mpwa wangu. Nilikuwa sijafika kwake tangu alipojifungua mtoto wa pili. Nilimchukulia samaki, kama ilivyo ada ya mjomba asiye na zawadi nyingine. Tulipokwisha kuamkiana nikapewa mtoto nimpakate, na mikono yangu ikajua jambo kabla ya macho: mtoto alikuwa mwepesi mno.

"Ana umri gani sasa, mama?" nikauliza.

"Mwaka mmoja na miezi minne, mjomba."

Nikaomba kadi ya kliniki. Akaitoa kabatini, ikiwa imehifadhiwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Kila mzazi wa nchi hii anaijua ile kadi na rangi zake: kijani, kijivu na nyekundu. Mstari wa mtoto ulikuwa umepanda vizuri katika kijani hadi mwezi wa saba, kisha ukaanza kulala kama mtu aliyechoka njia. Miezi mitatu mfululizo mizani ilisema kilo 8 tu. Mtoto alikuwa ndani ya kijivu.

Mezani palikuwa na dawa zake. Ilikuwapo chupa ya sirapu ya kuongeza hamu ya kula, iliyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Lilikuwapo kopo la unga wa kuchanganya na maji, lenye picha ya mtoto mwenye mashavu kama maandazi. Ulikuwapo mfuko wa unga wa lishe uliosagwa kwa nafaka na mbegu 12. Aidha, jirani mmoja alikwisha kutoa hukumu yake kwamba mtoto amebemendwa, yaani wazazi hawakuvumiliana wakati wa kunyonyesha, maziwa yakaharibika. Kwa hiyo mpwa wangu alishauriwa amwachishe ziwa mara moja.

Nilirudi mjini usiku ule nikiwa na mawazo mengi, kwani fedha iliyokuwa juu ya ile meza ingetosha kununua dagaa wa mwezi mzima na chenji ikabaki. Leo basi naomba tuzungumze historia ya jambo hili. Tuna desturi ya kudhani kwamba historia ni ya wafalme na vita tu. Kumbe hata kijiko anacholishiwa mtoto kina historia yake, na sehemu nzuri ya historia hiyo iliandikwa hapa hapa Tanzania.

Tuanzie mbali kidogo, katika mji wa Accra, nchi iliyoitwa wakati huo Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1929 alifika huko daktari mwanamke aliyezaliwa Jamaica, jina lake Cicely Williams. Aliona watoto wa mwaka mmoja hadi minne wakiletwa hospitali wakiwa wamevimba miguu, ngozi inabanduka, nywele zimebadilika rangi, wamenuna na hawataki kula. Madaktari wakubwa walisema ni pelagra, ugonjwa uliokuwa ukijulikana vitabuni. Yeye hakuridhika. Alifanya jambo ambalo wakubwa wale hawakulifanya: aliwauliza akina mama wa Accra. Wakamwambia kuwa kwa lugha yao ya Kiga ugonjwa ule una jina, kwashiorkor, nao ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Mwaka 1933 alichapisha habari za ugonjwa huo, akaeleza kuwa watoto wale hulishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Mwaka 1935 akalitumia jina lenyewe katika jarida la Lancet la London. Sisi tukaliita kwashakoo, na baadaye wataalamu wetu wakatupa neno unyafuzi, na lile la kukondeana wakaliita nyongea.

Msikilizaji utaniwia radhi nikisimama hapa kidogo.

Mimi nilizaliwa mwaka 1957 katika kijiji kimoja cha Misungwi. Ilikuwa miaka ya pamba. Chama kikuu cha ushirika cha Victoria Federation, cha akina Paul Bomani, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1955, na kila familia ya Usukumani iliyokuwa na jembe ilikuwa shambani. Nilikuwa na kaka yangu aliyenitangulia. Mimba yangu ilipoonekana, aliachishwa ziwa. Mama alinisimulia habari hizi mara moja tu, nami nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Alisema kuwa mtoto yule alianza kujaa mashavu na miguu, na watu waliokuja kuniona mimi mchanga walimpongeza mama kwamba mkubwa naye amenenepa. Nywele zake zikawa kama nyasi za kiangazi. Mama alikuwa akitoka na jembe alfajiri na kurudi jua limepinduka, na mtoto alikula ugali wa asubuhi na ugali wa usiku. Hakuumaliza mwaka.

Kwa hiyo ninapolisoma jina lile la Kiga, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa, namjua aliyemwondoa. Nasema hivi ili ieleweke kwa nini siwezi kuiangalia kadi ya kijivu kama karatasi. Na nasema pia kwa sababu ya lile neno "amenenepa". Uzito unaweza kudanganya. Maji ya uvimbe nayo yana kilo zake, na mizani haiwezi kukuambia kama kilichoongezeka ni nyama au ni maji. Ukibonyeza miguu ya mtoto, yote miwili, na shimo likabaki, huyo si mnene. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tuendelee. Baada ya Vita Kuu ya Pili dunia nzima ya madaktari iliamka. Jirani zetu wa Kampala walikuwa mstari wa mbele: Hospitali ya Mulago ilikuwa na Dakta Hugh Trowell, na mwaka 1954 yeye na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu ya kwashakoo. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1952, Brock na Autret walikuwa wameandika ripoti ya Shirika la Afya na Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa baada ya kuzunguka nchi kadhaa za Afrika. Hukumu ya wakati ule ikawa moja: watoto wa Afrika wanakosa protini. Na dawa ya kukosa protini? Maziwa. Marekani ilikuwa na maziwa ya unga mengi kuliko yaliyoweza kunywewa kwao, basi mapipa yakavuka bahari.

Sitaki kuyadharau maziwa yale. Yaliokoa watoto wengi mahospitalini. Lakini fikra iliyokuja nayo ilitukaa vichwani hadi leo, kwamba mtoto mwembamba ana upungufu wa kitu fulani, na kitu hicho kiko ndani ya kopo, na kopo linatoka mbali. Wafanyabiashara hawakuchelewa kuielewa fikra hiyo. Cicely Williams mwenyewe aliliona mapema. Alipohamishiwa Malaya, alitoa hotuba Singapore mwaka 1939 mbele ya Klabu ya Rotari na kuipa jina la Maziwa na Mauaji, akiwashutumu waliokuwa wakiwashawishi akina mama waache kunyonyesha na kuwapa watoto maziwa matamu ya kopo. Dunia ilichukua zaidi ya miaka 40 kumsikia: kanuni ya kimataifa ya kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo ilipitishwa Mei 1981, nasi Tanzania tukatunga kanuni zetu mwaka 1994.

Na hapa historia inarudi Mwanza kwa mlango wa nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki iliyokuwa hapa mjini, alifanya kazi daktari aliyeitwa Donald McLaren. Mwaka 1959 alichapisha rekodi za uzito wa watoto wa Kisukuma wanapozaliwa. Hiyo ni miaka ile ile ya kaka yangu, na jimbo ni lile lile la Ziwa. Mwaka 1974, akiwa Beirut, McLaren huyo aliandika makala katika Lancet akisema wazi kuwa habari ya protini ilikuwa kosa kubwa la wataalamu. Hoja yake, kwa lugha ya nyumbani, ni hii: mtoto asiyepata chakula cha kutosha kumtia nguvu atazichoma hata hizo protini chache alizokula, kama mtu anayevunja mlango wake apate kuni. Umpe protini, ataichoma. Mpe kwanza chakula cha kutosha, ndipo nyama na maziwa yatafanya kazi ya kujenga.

Chakula cha kutosha. Mbona ni jambo dogo hivyo? Hapo ndipo penye mtego, na mtego huo ulifumbuliwa na watu wetu.

Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huo huo Redio Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo vikundi vyake vya kusikiliza vilikusanya watu wazima wapatao milioni 2, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Nilikuwa na miaka 18, nimechaguliwa katibu wa kikundi chetu kwa sababu nilijua kuandika haraka. Tulikaa chini ya mti na redio ya mbao, kijiji kikiwa bado kipya baada ya operesheni ya kuhamia vijijini mwaka 1974. Tulifundishwa makundi matatu ya vyakula: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Tuliyakariri kama sala. Lakini katika daftari langu lote, na lilikuwa nene, hakuna mahali mwanakikundi alipouliza mtoto hula mara ngapi kwa siku. Tuliuliza nini, hatukuuliza mara ngapi wala uzito gani wa uji.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 8, kama huyu wa Mkolani, anajaa kwa mililita 240, yaani kikombe kimoja cha chai. Uji anaoweza kuumeza bila taabu ni mwepesi. Katika gramu 100 za uji huo unga hauzidi gramu 10, na gramu 10 za unga ni kalori kama 35. Kikombe kizima basi ni kalori 84. Mtoto wa umri ule anahitaji karibu 900 kwa siku, na hata ukiondoa anazopata kwenye ziwa la mama, bado atahitaji vikombe sita na zaidi vya uji huo. Nani atamnywesha? Na kama hula asubuhi na usiku tu, ni vikombe viwili. Mtoto ameshiba, tumbo limetuna, amelala. Na ana njaa. Ukimpikia uji mzito wenye unga maradufu, unageuka gundi, anautema.

Wataalamu wa Taasisi yetu pamoja na wenzao wa Uswidi waliukabili mtego huu. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha jibu, na jibu lenyewe lilikuwa ndani ya nyumba ya bibi yangu muda wote: kimea. Mtama au ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa. Mpika pombe na mpika togwa wote wanakijua. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vya kuvunjavunja wanga. Pika uji mzito sana, uutoe motoni, uache upoe kidogo mpaka uwe wa moto wa kuvumilika, kisha tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Mbele ya macho yako uji unalainika, unakuwa wa kunyweka, na unga wote umo ndani. Kisha uurudishe motoni uchemke kidogo. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, vimeng'enya vinakufa na hutaona kitu. Tahadhari moja: machipukizi ya mtama yana sumu, yapukuchuliwe yote kabla ya kusaga, ulezi hauna taabu hiyo.

Hebu fikiri, ndugu msikilizaji. Babu zetu walitumia elimu hiyo kwa karne nyingi kujipatia kilevi, na mtoto akabaki na uji wa maji. Sisemi kwa kuwacheka. Mimi mwenyewe nimekunywa pombe ya mtama bila kufikiri hata mara moja kuhusu uji.

Lakini kimea nacho si muujiza, na funzo kubwa kuliko yote lilitoka Iringa. Wakati huo Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa minne iliyolisha nchi kwa mahindi, pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Mwaka 1984, kwa fedha za Serikali ya Italia kupitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani, mpango wa lishe ulianza kupima watoto wote wa chini ya miaka mitano katika vijiji 168. Matokeo yaliwatia watu haya. Katika ghala la taifa, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na uzito pungufu, na kama 6 katika kila 100 walikuwa katika hali mbaya kabisa. Chakula kilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa ni mtu wa kumlisha mtoto mchana. Mama alikuwa shambani, akiteka maji, akikata kuni. Mtoto alikula mara mbili.

Angalia walivyofanya. Hawakumwaga makopo. Walitundika mizani kijijini, siku ya kupima ikawa mkutano wa kijiji, akina baba wakiwamo. Majina ya walio katika nyekundu yalisomwa mbele ya kamati, na swali halikuwa "mama huyu ni mzembe?" bali "kwa nini mtoto huyu amekonda, na kijiji kitafanya nini?" Wakatafuta sababu, wakachukua hatua, wakapima tena, wakaona kama hatua ile ilifaa. Vijiji vikaweka mahali pa kulelea watoto mchana wanapopata uji, pakawa na wahudumu wa afya wa kijiji. Kufikia mwaka 1988 wale wa hali mbaya kabisa walikuwa wameshuka chini ya 2 katika kila 100. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mwongozo wake wa dunia nzima juu ya sababu za utapiamlo, mawazo yake mengi yalikuwa yamepikwa Iringa. Ni kitu cha kujivunia, lakini muulize kijana wa leo wa Mwanza kuhusu Iringa, atakutajia baridi na ulanzi.

Mambo ya baadaye nitayapitia haraka. Mwaka 1996 Wafaransa wawili, Briend na Lescanne, walitengeneza Plumpy'Nut, siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini, ambayo mtoto mgonjwa wa nyongea hulishwa nyumbani bila kupikwa. Ni dawa kweli kweli, nayo hutolewa kwa mtoto aliyepimwa. Nami nikiiona hukumbuka karanga nyingine, zile za Kongwa, Nachingwea na Urambo za mwaka 1947 hadi 1951, zilizowapotezea Waingereza pauni milioni 36. Karanga hizo zilikusudiwa kumpatia mama wa Uingereza mafuta ya kupaka mkate. Mtoto wa Kongwa hakuwamo katika hesabu. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwatibu watoto waliokonda vibaya, na jambo lake la kwanza kwa mtu wa kawaida ni hili: mtoto wa namna hiyo hashindiliwi chakula siku ya kwanza. Moyo na figo zake haziwezi. Huanzishwa kidogo kidogo hospitalini, mchana na usiku, ndipo aongezwe.

Taifa limepiga hatua, tusijidhulumu. Mwaka 1991-92 karibu watoto 3 katika 10 walikuwa na uzito pungufu. Utafiti wa mwaka 2022 umekuta 12 katika 100. Hata hivyo 30 katika 100 bado ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe, na huo ni umati.

Turudi Mkolani. Nilikwenda tena Jumapili iliyofuata, safari hii nikiwa na daftari. Nilimwuliza mpwa wangu siku yake inavyokwenda. Anaondoka saa 11 alfajiri kwenda Kirumba Mwaloni, upande wa pili wa jiji, kwa sababu anauza dagaa. Naam, dagaa. Mwaloni wanakuja wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi kuchukua dagaa wetu, na sehemu kubwa ya wanaobaki huishia katika chakula cha kuku. Samaki huyo akikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake yote, ana chokaa ya kujenga mifupa ya mtoto. Mama wa mtoto yule analala na magunia ya dagaa chumbani. Mtoto hajawahi kuwaonja.

"Ana harufu, mjomba," akasema. "Halafu majirani wataona nimeshindwa kununua lishe."

Mchana mtoto hubaki na dada wa kazi, msichana ambaye naye ni mtoto. Anakula nini? Uji wa asubuhi, uji wa jioni. Akilia katikati hupewa juisi ya unga au biskuti ili anyamaze. Nilifunga daftari. Nilikuwa nimekwenda Mkolani nikakuta Iringa ya mwaka 1984, ila hii ina umeme.

Tulianza na zahanati, wakampima damu na choo, kwa maana mtoto mwenye malaria, minyoo, kifua kikuu au virusi hanenepi hata umlishe nini. Hakukutwa na kitu. Yule muuguzi akaiangalia ile sirapu akauliza nani aliyeiandika. Baadhi ya sirapu hizo kwa asili ni dawa za mzio. Humtia mtoto usingizi, na mtoto aliyelala hali. Ikawekwa kando. Unga wa vitu 12 nao ukawekwa kando, kwani mchanganyiko wenye karanga na mahindi ukikaa muda mrefu katika joto unaweza kuota sumukuvu, na tunakumbuka watu 20 waliokufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ziwa aliambiwa asiachishe hata kidogo mpaka mtoto atimize miaka miwili. Habari ya kubemenda muuguzi aliijibu kwa kifupi: maziwa ya mama hayaharibiki kwa mama kulala na mumewe. Kinachoweza kumpunja mtoto ni mimba kuja mapema, na kwa hilo uzazi wa mpango upo.

Kisha jikoni. Uji wa mahindi au ulezi mzito, na kimea cha ulezi kilichotengenezwa na mama mmoja wa Buhongwa. Dagaa walioshwa mchanga ukatoka, wakakaushwa tena, wakatwangwa kuwa unga. Kijiko kimoja kikubwa katika bakuli, na harufu yake ikifunikwa na nyanya na kitunguu katika viazi vitamu vilivyopondwa. Kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, ambacho peke yake kina kalori kama 45, zaidi ya nusu ya kikombe kizima cha ule uji wa maji. Parachichi au embe katikati. Na mara tano kwa siku. Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa magumu, maana mara tano zinahitaji mtu.

Mume wa mpwa wangu anaendesha bodaboda kituo cha Nyegezi. Alikuwa amekaa kimya muda wote akitazama simu, kama tunavyofanya wanaume yanapozungumzwa mambo ya uji. Nikamwambia habari za akina baba wa Iringa waliokaa mbele ya mizani. Sikumwambia habari za kaka yangu. Mpwa wangu alimwambia baadaye. Akauliza kutoka kituoni hadi nyumbani ni dakika ngapi, kisha akajijibu mwenyewe. Siku ya pili yake, saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, pikipiki ilikuwa imeegeshwa mlangoni.

Wiki iliyopita mtoto alipimwa. Mizani ilisema kilo 8 na gramu 300. Bado ni kijivu, lakini mstari umeinua kichwa, na dada wa kazi anasema mtoto sasa anaisikia pikipiki kutoka mbali na kuanza kupiga kelele. Siku yao ya kliniki inayofuata ni Alhamisi ya mwezi ujao. Baba yake amesema safari hiyo atampeleka yeye.